Akikugongea Mlango Usiku: Mwongozo wa Kumsindikiza Aliyepigwa Nyumbani, Hapa Tanga

Alikuja kuomba chumvi. Saa nne na nusu usiku, mlango wa uani, khanga kaivuta mpaka chini ya macho. Kwetu nilikolelewa chumvi haiazimwi usiku, na yeye alilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Nikampa chumvi kwenye kikombe, nikamuaga, nikafunga mlango. Wiki tatu baadaye nilikuwa naye hospitali ya Bombo, mkono umevunjika mahali pawili, na hapo ndipo aliponiambia kwamba usiku ule alitaka tu nimwambie, "Ingia."

Baada ya hapo nilijifunza usaidizi wa kisheria, na nimeshawasindikiza wanawake wengi, na wanaume kadhaa pia, maana Dawati la Jinsia la polisi ni lao vilevile. Nilichokiona ni hiki: huduma zipo hapa mjini, nyingi ziko umbali wa bajaji moja. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda naye. Aliyepigwa hana nguvu ya kusimulia kisa kilekile kwa watu watano kwenye madirisha matano, peke yake, huku anahesabu saa za kurudi kabla mtoto hajatoka shule. Kwa hiyo nakuandikia wewe unayegongewa: jirani, shoga, wifi, somo, mama mwenye nyumba. Na kama wewe ndiye uliyepigwa, soma, kisha chagua mmoja wa kumwonyesha.

Hatua ya kwanza: mlangoni

Mwingize ndani, funga mlango, mpe maji. Usimwulize "Umemfanyia nini?" Swali hilo ameshaulizwa na aliyempiga. Mwambie maneno mawili tu: "Nakuamini" na "Hapa uko salama kwa sasa." Usiahidi usichokiweza, kwa mfano kwamba mume atafungwa kesho.

Kama mume yuko nje anapiga kelele, usitoke kumsuluhisha. Piga 112, namba ya dharura ya polisi, na mpigie mwenyekiti wa mtaa au mjumbe aliye karibu. Wanaume wawili watatu wa mtaani wakisimama barazani kimya, bila kumgusa mtu, hutosha mara nyingi mpaka msaada ufike. Kama anayeumizwa ni mtoto, kuna 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Muulize maswali manne, taratibu, moja moja: Je, amekukaba koo? Ameshika silaha? Amesema atakuua? Una mimba? Likijibiwa ndiyo hata moja, jua huyu yuko kwenye hatari kubwa, na asirudi nyumbani usiku huo kwa kubembelezwa na mtu yeyote.

Hatua ya pili: shingo, kisha mengine

Nakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza watu. Mwanamke aliyekabwa anaweza kuja kwako anatembea, anaongea, hana hata alama, akasema "alinishika tu shingoni." Usilichukulie juu juu. Kukabwa kunabana mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, na uvimbe wa ndani ya koo unaweza kuongezeka saa nyingi baadaye. Dalili za kuangalia ni sauti kukwaruza au kupotea, kumeza kwa shida, kupumua kwa shida, vidoa vyekundu kwenye weupe wa macho, kizunguzungu, kutapika, kukumbuka nusu nusu, au kujikojolea bila kujua. Hilo la mwisho hatakwambia usipomuuliza kwa heshima, mkiwa wawili. Ukiona moja katika hizo, mpeleke hospitali hapohapo. Na hata usipoiona, mpeleke. Isitoshe, mume aliyekwisha kumkaba mkewe mara moja ni wa kuogopwa zaidi ya yule anayepiga makofi. Kati ya waliouawa na wenza wao, si wachache walikuwa wameshakabwa kabla.

Kwa walio mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo. Ukiwa Pangani, Muheza, Mkinga au kwingine, anza na kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu, watakupa rufaa wenyewe. Aliyeko Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, asisahau kuhesabu muda wa kuvuka.

Kuna suala la PF3. Hii ni fomu ya polisi namba 3, ambayo daktari anaandika majeraha aliyoyaona, nayo hutumika mahakamani. Haiuzwi. Ikiwa hali inaruhusu, pitieni polisi kwanza mkaichukue. Ikiwa damu inatoka, mfupa umevunjika, amekabwa au amezimia, nendeni hospitali moja kwa moja. Mhudumu akidai PF3 mlangoni, mwambie kwa upole kwamba hali ni ya dharura na mtu wenu mmoja ameshaifuata. Ndiyo maana napenda wasindikizaji wawili: mmoja anakaa na mgonjwa, mwingine anakwenda polisi.

Kama ameingiliwa kwa nguvu, saa zinahesabika. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU, watu wanaiita PEP, lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Huendelea kunywewa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi mpaka saa 120, lakini mapema ni bora. Asioge wala kubadilisha nguo ya ndani kabla ya kupimwa, akiweza. Lipo jambo linaloniuma, nalo nalisema wazi: sheria yetu ya jinai haihesabu kuwa ni ubakaji mume anapomwingilia mkewe kwa nguvu, isipokuwa kama wametengana. Hilo lisimzuie kupata matibabu. Daktari hamwulizi mtu cheti cha ndoa kabla ya kumpa PEP, na kipigo kilichoambatana nalo ni kosa peke yake.

Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na mtu wa ustawi wa jamii wako sehemu moja. Ulizia mapokezi. Kikiwepo, mnaeleza kisa mara moja tu badala ya kuzunguka.

Hatua ya tatu: khanga isifuliwe

Mkono wetu wa kwanza sisi wanawake wa pwani ni kusafisha. Tunamvua khanga yenye damu, tunailoweka kwenye beseni, tunamfunga safi. Kwa nia njema tunaufua ushahidi. Khanga, dera, shati lililochanika, viweke kama vilivyo kwenye bahasha ya khaki au mfuko wa karatasi. Usitumie mfuko wa nailoni. Unatoa jasho na nguo inaoza. Kama nguo imelowa, iache ikauke kivulini kwanza. Andika juu ya bahasha tarehe na aliyeifunga.

Piga picha kwa simu. Ya kwanza imwonyeshe uso na jeraha pamoja, ili ijulikane ni nani. Ya pili isogee karibu, na weka sarafu ya shilingi 200 kando ya jeraha ili ukubwa uonekane. Rudia baada ya siku mbili, kwani kwenye ngozi yetu alama za damu kuvilia huchelewa kujitokeza, na siku ya kwanza daktari anaweza kuona uvimbe tu. Picha zisikae kwenye simu yake ikiwa mume huishika. Zikae kwako.

Kisha chukua daftari la shule la mtoto, andika: tarehe, saa, alisema nini, alitumia nini, nani alisikia. Mwandikie kama mkono wake unatetemeka, yeye aweke sahihi.

Hatua ya nne: polisi

Ulizieni Dawati la Jinsia na Watoto. Msimalize habari yote kaunta mbele ya watu waliokuja na kesi za kuku. Semeni tu, "Tunaomba Dawati." Wapo askari waliofunzwa, na kwa kawaida wana chumba chao. Akiomba askari wa kike, hiyo si jeuri.

Kituoni mambo yanakwenda hivi: taarifa inaandikwa kwenye kitabu, mnapewa namba yake, inayoitwa RB. Msitoke bila hiyo namba. Iandike kwenye daftari na kwenye simu yako. Mnapewa PF3, daktari anaijaza na kuigonga muhuri, mnatoa nakala yenu, halisi inarudi polisi. Halafu anaandikwa maelezo. Mwambie mwenzako ayasome, au asomewe, kabla ya kutia sahihi. Nimewahi kumkuta mama ambaye maelezo yake yalisema "walisukumana" wakati yeye alisema alipigwa kwa mchi. Neno moja kama hilo linageuza kesi. Tukaomba irekebishwe, ikarekebishwa.

Kuna siku mtaambiwa, "Hayo ni mambo ya ndani, kayamalizeni nyumbani." Mimi niliambiwa, katika kituo kimoja, na mwanamke niliyekuwa naye jino lilikuwa kiganjani. Msigombane. Ombeni kwa adabu kumwona mkuu wa kituo, na mseme kwamba mnataka taarifa iandikwe. Kumshambulia mtu na kumdhuru mwili ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, awe mke au asiwe mke. Na kama mtu atawaletea habari ya mume kumtia adabu mkewe, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imesema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Ni sheria ya zaidi ya miaka 50, si jambo la juzi.

Sasa lisikilizeni hili vizuri. Mume akikamatwa, siyo kwamba amefungwa. Ndani ya saa 24 afikishwe mahakamani au apewe dhamana, na kwa makosa mengi ya kipigo dhamana ni haki yake. Kwa hiyo jioni ya kesho anaweza kuwa mlangoni. Muulizeni askari atatoka lini, na mpange pa kulala kwa kuhesabu hivyo.

Hatua ya tano: pa kulala, na kibindo

Wengi hukimbilia kwa mama mzazi, na huko ndiko mume anakoanza kutafuta. Shangazi wa Muheza au rafiki wa Pongwe asiyejulikana na mume ni bora. Nyumba salama nchini ni chache, na haziendewi kwa kubisha hodi. Anayekuunganisha ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri au Dawati, na mahali zilipo hapatangazwi. Mwambieni ofisa huyo mapema, asubuhi, maana saa za ofisi zikiisha mtamtafuta kwa shida.

Kipindi cha kuondoka ndicho cha hatari kuliko vyote. Kama bado anaishi naye na anajipanga, msaidie kuweka kibindo nyumbani kwako: kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi zao za kliniki, cheti cha ndoa, kadi ya bima, dawa anazotumia kila siku, hati au risiti za mali, nguo moja ya kila mtoto, na nauli. Abadilishe namba ya siri ya pesa za simu. Jina lako kwenye simu yake aliandike "Fundi cherehani."

Mpange neno. Mimi na mmoja wangu tumekubaliana juu ya chumvi: akimtuma mtoto usiku kuomba chumvi, namzuia mtoto ndani na napiga 112 papo hapo.

Hatua ya sita: wazee, shehe, baraza

Hapa mjini ndoa ni ya watu wengi. Kuna mjomba aliyepokea mahari, kuna somo aliyemfunda bi harusi, kuna imamu aliyefungisha. Hawa si maadui. Somo hasa, neno lake moja linaweza kumtoa binti kwenye fedheha ya kudhani kuvumilia kipigo ndiyo kusitiri nyumba. Nawaomba masomo na makungwi mlio huku Ngamiani, Makorora na Duga: mtakapomfunda msichana jinsi ya kukaa na mume, mwambieni pia kwamba akikabwa aje kwenu.

Lakini kuna mambo ya kusuluhishwa na kuna mambo ya kushtakiwa. Ugomvi wa matumizi, wivu, mke mwenza, hayo yana vikao. Mkono uliovunjika hauna kikao. Mkubali wazee waitane, lakini baada ya PF3 na RB, na asikalishwe uso kwa uso na aliyempiga. Kwa shambulio dogo, mahakama inaweza kuruhusu watu wapatane. Kwa jeraha kubwa, kesi ni ya Jamhuri na yeye ni shahidi, hata ukoo ukilipa fidia.

Akitaka talaka au kutengana, njia inaanzia kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la dini. Kwa Waislamu wengi hapa ni la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hiyo hati ndiyo inayofungua mlango wa mahakama: ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Kuna mazingira ya kipekee ambayo mahakama huruhusu baraza lirukwe, na hatari ya maisha ni jambo la kumweleza wakili. Ndoa ikiwa haijafika miaka 2, huombwa kwanza kibali cha mahakama kwa kuonyesha ugumu usio wa kawaida. Kipigo na mateso ya moyo ni sababu inayotambulika kwamba ndoa imevunjika.

Mwambie pia hivi: karatasi ya talaka aliyoandikiwa na mume, au khului aliyojikomboa nayo kwa kadhi, haigawi nyumba. Mali inagawanywa na mahakama.

Watoto na mali

"Nenda, lakini watoto utawaacha." Sentensi hii imewarudisha wanawake wengi kuliko fimbo yenyewe. Mjibu kwa sheria. Mahakama inaangalia kwanza masilahi ya mtoto, na mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kwamba ni bora awe na mama yake, isipokuwa kuwe na sababu ya kuona vinginevyo. Matunzo yanadaiwa, na mara nyingi barua ya Ustawi wa Jamii kwa baba hutosha kuyaanzisha kabla ya mahakama.

Kuhusu nyumba: mume hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Na yule anayesema "sikuchangia, nilikuwa mama wa nyumbani tu" umwambie juu ya shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, rufaa ya madai namba 9 ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Asiye na cheti naye asikate tamaa: waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, sheria ina dhana ya ndoa juu yao.

Haya yote hamna haja ya kuyabeba kichwani. Tanga kuna ofisi ya TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na katika kata kuna wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaada wao haulipiwi. Anayedai "ya soda" mkimbieni. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili, lakini atawaandikia, atawaelekeza, na atawaunganisha na wakili.

Akirudi kwake

Wengine watarudi. Atakwambia amesamehe, au amechoka kulala kwa watu, au mtoto anamlilia baba. Usimnunie. Usiseme "Umenipotezea muda." Ukimfungia mlango sasa, mara ya pili hatagonga kwako wala kwa mwingine. Mrudishie kibindo kama atakitaka, baki na nakala ya PF3 na picha, mkumbushe neno lenu, na mpitie siku ya tatu kwa kisingizio cha kawaida, vitumbua au kadi ya harusi. Ukikuta majibu ni mafupi na mtu mwingine yuko nyuma ya pazia, aga, kisha asubuhi mtafute mwenzako akiwa kisimani au sokoni.

Nauli

Kesi nyingi ninazozijua hazikufa kwa sababu ya hakimu. Zilikufa kwa nauli. Shahidi anaitwa, anakwenda, inaahirishwa; anaitwa tena, hana pesa, hakwenda; mwishowe shauri linaondolewa kwa kukosa mashahidi. Hapa ndipo kikoba na upatu vinapoweza kufanya kazi kubwa kuliko semina. Wanawake 15, shilingi 500 kila wiki, ni shilingi 7,500, na kwa wiki nne ni 30,000. Hiyo inawapeleka watu wawili mjini na kuwarudisha, pamoja na chai. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, ili aliyeondoka aanze biashara na asirudi kwa njaa. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye anayeshughulikia fomu, na ndiye wa kumwuliza kamati ya MTAKUWWA ya kata yenu, ile ya kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, inakutana lini.

Daftari la mfuko huo likae kwa mtu asiye ndugu wa upande wowote. Jina la aliyesaidiwa lisiandikwe. Andikeni tarehe, safari ilikuwa ya wapi, na kiasi kilichotoka, basi. Na msindikizaji alipwe nauli yake pia. Siku mtakapoitwa kutoa ushahidi mara ya tatu au ya nne ndiyo mnayohitaji awepo, na asiwe amechoka kutoa mfukoni.